Nani Aliteremka Kwanza?

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilikuwa kijiweni pale Ngarenaro, Arusha, na washkaji watatu ambao huwa tunasomeana hadithi zetu kabla hatujazipeleka popote. Mmoja alikuwa na video kwenye simu. Kijana wa Kizungu, kofia imemfunika mpaka kidevuni, anashuka mlima kwa baiskeli, anaruka mawe na mizizi kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Tuliirudia mara tatu. Halafu mwenye simu akasema, "Huo mchezo wa Wazungu bwana. Sisi baiskeli ni ya kwendea dukani."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikanyamaza. Mimi ni mtoto wa Kikatiti, na hapa chini ya mdomo nina kovu ambalo sikulipata nikienda dukani.

Kikatiti wengi mnaijua kwa dirisha la basi tu. Ukitoka Arusha kwenda Moshi unapita Tengeru, unapita Usa River, unapita Maji ya Chai, kisha kondakta anaita, "Kikatiti kuna mtu?" Kimya. Gari linakwenda. Lakini siku moja shuka pale. Upande wa kusini nchi inalala na kukauka kuelekea Mbuguni. Upande wa kaskazini barabara ya vumbi inapanda kwenda Sakila, na kadiri inavyopanda ndivyo migomba inavyozidi, hewa inapoa, mpaka macho yako yanagota kwenye Mlima Meru wenyewe, zaidi ya meta 4,500 kwenda juu.

Mlima huo nao una habari yake. Ukiutazama kwa upande wa mashariki utauona umebomoka, kama chungu kilichomeguka ubavu. Wataalamu wa miamba wanasema maelfu ya miaka iliyopita ubavu ule uliporomoka, mawe na matope yakateremka kilometa nyingi kuelekea Kilimanjaro, yakaacha vilima vidogo vidogo na mabonde ambamo maziwa ya Momela yamekaa mpaka leo. Kwa hiyo kama swali ni nani aliteremka kwanza katika nchi ile, jibu la haraka ni kwamba mlima wenyewe ulitutangulia.

Lakini swali langu ni la watu na baiskeli.

Vitabu vya mchezo huu vina jibu lao, nalo lina tarehe kamili. Vinasema mashindano ya kuteremka kwa baiskeli yalianzia Marekani, California, katika wilaya ya Marin, tarehe 21 Oktoba 1976. Vijana wachache wa huko walikuwa wakiokota baiskeli nzito za kizamani, zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940 kwa ajili ya watoto wa shule na wauza magazeti. Wanazipakia kwenye gari, wanapanda nazo mlimani, halafu wanashuka nazo barabara ya vumbi. Kila mmoja anadai yeye ndiye mkali. Ili kumaliza ubishi wakaamua kupimana kwa saa. Barabara waliyoichagua ilishuka kama meta 400 katika mwendo unaozidi kidogo kilometa tatu. Siku ile ya kwanza aliyeshinda ni Alan Bonds, na sababu yake ni rahisi: ndiye peke yake ambaye hakuanguka.

Baiskeli zile zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Unakanyaga pedali kinyumenyume, breki inashika. Kwa mteremko mrefu kitovu kilipata moto mpaka grisi ikaungua na kutoa moshi, na ukifika chini inabidi ukifungue, utoe gololi, uweke grisi upya. Kule kupakia grisi upya kwa lugha yao ndiko kulikoyapa mashindano jina, Repack. Yakaendelea kwa vipindi mpaka mwaka 1984. Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly, Tom Ritchey, wote hao walipita katika kundi hilo. Mwaka 1977 Breeze akaunda baiskeli mpya kabisa kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua kampuni wakiuza fremu za Ritchey. Mwaka 1990 yakafanyika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za mlimani, huko Durango, Colorado, na kuteremka kukiwa mojawapo ya michezo yake. Miaka kumi na minne tu kutoka ubishi wa vijana mpaka medali ya dunia!

Hadithi tamu, na sina ugomvi nayo. Nina swali tu. Je, mwaka ule wa 1976 hapakuwa na mtu aliyekuwa anateremka mahali pengine?

Jumamosi iliyofuata nikapanda Hiace nikaenda nyumbani kumtafuta baba yangu mdogo. Nilimkuta chini ya mwembe anachambua maharage.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Leo umekuja na daftari, nani amekufa?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akaendelea kuchambua, halafu akaanza kusema bila kuniangalia.

Alipokuwa kijana baiskeli ilikuwa mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilikuwa adimu nchi nzima; sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni. Kulikuwa na baiskeli za Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini, na kulikuwa na Phoenix kutoka China, lakini kuiona dukani na kuipata ni mambo mawili. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mambo yakalegea kidogo. Mwaka 1986 baba mdogo akauza mtamba wake mmoja, akanunua Phoenix nyeusi. Babu hakusema naye wiki nzima. Ng'ombe anazaa, baiskeli inazaa nini?

Ilizaa. Baba mdogo aliipeleka kwa fundi, keria ikaongezwa nondo, na kuanzia hapo akawa mchukuzi wa ndizi. Alfajiri anasukuma baiskeli tupu kwa mguu kwenda juu, mashambani kwa watu. Ananunua mshare, anafunga mikungu minne kwa kamba za mpira, anashuka nayo mpaka kwenye lami ambako wenye malori wanangoja. Hakuwa peke yake. Asubuhi moja waliweza kuwa kumi, kumi na watano, wote na Phoenix, wote na mzigo.

Nikamwuliza habari za breki. Hapo ndipo alipoacha maharage.

Breki za Phoenix, kwa asiyezijua, ni vijiti vya chuma vinavyovuta raba ndogo zikabana ringi. Kwenye tambarare zinatosha. Kwenye mteremko, na mzigo mgongoni, hazitoshi. Na mvua ikinyesha raba zinateleza kwenye ringi kama sabuni. Kwa hiyo wachukuzi walivaa katambuga, zile ndara za tairi la gari. Unashikilia usukani, unatoa mguu mmoja kwenye pedali, unaukandamiza kwenye tairi la mbele. Mpira kwa mpira. "Ukifika kona ya tatu," baba mdogo alisema, "unasikia kisigino kinaungua. Ukifika chini, katambuga inanuka moshi."

Nikaweka kalamu chini. Moshi! Kule California grisi, huku kwetu kisigino.

Fizikia ni ile ile. Mtu na baiskeli yake wana uzito wa kama kilo 90. Ukiwateremsha meta 400, nguvu wanayoipoteza njiani ikikusanywa yote ikawa joto, inatosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyotoka bombani. Waweza kunywea chai. Waongezee mikungu minne ya ndizi, basi sufuria inakuwa kubwa zaidi. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu inachukuliwa na upepo na barabara, sehemu inaishia kwenye breki, na breki ikishindwa, inaingia mwilini mwa mtu kwa njia ambayo hakuna anayeitaka.

"Sasa baba mdogo," nikasema, "mlikuwa mnashindana?"

"Tushindane nini? Tulikuwa tunawahi soko. Lori likijaa limejaa. Wa kwanza anauza kwa bei, wa mwisho anabaki na mikungu yake."

Nikaandika: haukuwa mchezo, ilikuwa kazi. Nikafikiri nimemaliza. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo la aibu.

"Ila mtu akikupita pale kwenye kona ya mwisho, hata kama umeuza zote, siku hiyo chakula hakishuki."

Naam. Hapo ndugu msomaji ndipo nilipojua kwamba nimepata historia. Maana mtu anayewahi soko, akishauza, roho yake imetulia. Anayekosa usingizi kwa sababu ya kona, huyo ni mwanamichezo, hata kama keria yake imejaa ndizi.

Nikauliza kama kuna aliyeumia. Akasema wengi. Nikauliza kama kuna aliyekufa. Akainama. Alikuwepo mmoja, rafiki yake. Kijiti cha breki kilikatika asubuhi ya utelezi, akashindwa kona, mzigo ukamlalia. Mwaka gani? Hakumbuki. Nilipomkazania akasema, "Ilikuwa ile mvua ya Elinino, barabara ilikuwa imekatika kila mahali." Mvua ya El Niño ilianza mwishoni mwa 1997 ikaingia 1998. Kwa hiyo nimeandika hivyo: 1997 au 1998. Jina alinitajia, hilo ni la familia yake, silitoi hapa. Ila nilijiuliza njia nzima nikirudi mjini: ya California tuna tarehe, tuna mshindi, tuna na sababu ya ushindi wake. Ya kwetu tuna mvua.

Wala si Kikatiti peke yake. Nenda Goma, mashariki ya Kongo, ambako watu wanazungumza Kiswahili hiki hiki kwa ladha yao. Huko kuna chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Hakina pedali wala cheni. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma, na mteremko ukianza anakaa juu ya mzigo anashuka. Kabichi, viazi, mkaa, vyote vinashuka hivyo kutoka milimani kama Kibumba mpaka mjini, mamia ya kilo kwa safari moja. Breki yake? Kipande cha raba kinachokanyagwa kwenye gurudumu la nyuma. Katambuga nyingine hiyo! Watu wa Goma wanakiheshimu chombo hicho mpaka wamekijengea sanamu katikati ya mji, mtu na chukudu yake.

Na sasa msikilizeni Tom Ritchey, yule yule ambaye fremu zake ziliuzwa na Fisher na Kelly kule California. Mwishoni mwa mwaka 2005 alitembelea Rwanda. Akawakuta wakulima wakibebea mazao kwa baiskeli na kwa vyombo vya mbao kama vile vya Kongo, katika nchi isiyo na tambarare. Mwaka 2006 akasaidia kuandaa mashindano huko, na vyombo vya mbao vikashindana vyenyewe kwa vyenyewe. Kisha akabuni baiskeli yenye mgongo mrefu ya kubebea kahawa. Yaani mtu aliyehesabiwa miongoni mwa baba wa baiskeli ya mlimani alikuja Afrika Mashariki akakuta mteremko una wenyewe.

Jirani yetu Kilimanjaro naye ana yake. Mwishoni mwa mwaka 1984 Waingereza wawili, Nick na Richard Crane, ndugu wa baba wakubwa na wadogo, walipanda mpaka kileleni na baiskeli, mara waziendeshe, mara wazibebe mabegani, ili kuchangisha fedha za msaada. Wakashuka, wakaandika kitabu, kikatoka mwaka 1985. Nataka uone ule mwaka. Wakati kitabu kile kinapigwa chapa, babu yangu bado ana ng'ombe wote, na baba mdogo bado anaiota Phoenix.

Sasa nifike kwenye habari yangu, maana nimeizungukazunguka vya kutosha.

Mwaka 2011 nilikuwa darasa la sita. Biashara ya ndizi kwa baiskeli ilikuwa inakufa, pikipiki za Kichina zilikuwa zimeingia, na Phoenix za wazee zimelala mabandani. Sisi watoto tukazirithi. Wachache walikuwa na baiskeli za gia za mtumba, nyingi breki moja tu ndiyo inayofanya kazi. Kila Jumapili baada ya ibada tulipanda na baiskeli zetu mpaka kwenye mti mmoja mkubwa, tunashuka mpaka kwenye kalavati. Simu ya tochi ya mama ilikuwa na saa ya kuhesabu sekunde. Aliyeko juu anapunga fulana nyekundu, aliyeko chini anabonyeza. Aliyeko chini nilikuwa mimi, kwa sababu nilikwisha kula mwereka mara moja nikashonwa nyuzi tano, hilo ndilo kovu langu, na tangu hapo roho haikutaka tena.

Basi nikawa mwandishi. Nilikuwa na daftari la kurasa 48. Jina, tarehe, dakika, sekunde. Pembeni niliandika na maelezo: cheni imetoka, amekutana na mbuzi, upepo. Sikujua kwamba kuna mtu anaitwa Charlie Kelly, ambaye kule Marin ndiye aliyekuwa anaandaa mashindano na kutunza daftari la muda wa kila mtu. Nilijua tu kwamba bila daftari kila Jumatatu shuleni ni ubishi.

Rekodi ilikuwa dakika tatu na sekunde kumi na mbili. Jumapili moja ya Agosti rafiki yangu mmoja alisema leo anaivunja. Fulana ikapungwa. Nikabonyeza. Dakika mbili zikapita, nikamwona anatokeza kona ya mwisho kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, na moyoni nikashangilia, kwa sababu hesabu ilikuwa inaonyesha ameshinda. Hakufika kwenye kalavati. Gurudumu la mbele liliingia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Mkono ulivunjika mahali pawili, meno mawili ya mbele hayapo mpaka leo.

Jioni wazazi walikaa kikao nyumbani kwetu. Baba yake hakuuliza nani alianguka, alikuwa anajua. Aliuliza, "Nani alikuwa anashika saa?"

Usiku ule nilichana kurasa zote, nikazitumbukiza chooni. Nilimwambia baba kwamba hakuna daftari. Nilimwambia hakuna aliyekuwa anaandika, watoto walikuwa wanacheza tu.

Watoto walikuwa wanacheza tu. Hiyo ndiyo historia niliyoiacha. Na yule mshkaji pale kijiweni aliposema baiskeli kwetu ni ya kwendea dukani, alikuwa anarudia uongo wangu mwenyewe bila kujua.

Nimeambiwa na wakubwa kwamba nafanya jambo dogo kuwa kubwa. Labda. Lakini nimesoma kwamba mwaka 1980 Kelly na mwenzake Denise Caramagno walianzisha jarida lao dogo la baiskeli za mlimani, la kwanza la aina yake, wakati mchezo wenyewe ukiwa bado wa watu wachache. Jarida dogo la vijana, kama hili ulilolishika. Sehemu ya sababu ya dunia kuijua tarehe 21 Oktoba ni kwamba kulikuwa na watu wenye saa, daftari na ukaidi wa kuchapisha.

Na sisi Wameru hatuhitaji kujifunza hilo Marekani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza watu wetu kama 3,000 kutoka Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima huu huu, ili kuwapisha walowezi. Wazee wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Baraza halikuwarudishia ardhi. Lakini mwaka 1967 Kirilo na wakili Earle Seaton walitoa kitabu cha kesi ile, na kwa sababu ya kitabu hakuna mtu leo anayeweza kusema haikutokea. Silinganishi baiskeli na ardhi, Mungu apishe mbali. Nasema tu wazee wetu walijua kwamba jambo lisiloandikwa, mwenye nguvu atalisimulia anavyotaka.

Kwa hiyo, nani aliteremka kwanza? Sijasema ni baba mdogo. Yeye ameanza 1986, na aliwakuta wengine njiani, na hao nao waliwakuta wengine. Ninachosema ni kwamba California ndiko walikoanza kupima. Kuteremka ni kwa kila mwenye mlima na gurudumu. Wao walipanda kwa gari wakashuka watupu, kwa raha. Wetu walipanda kwa mguu wakashuka na mzigo, kwa sababu ya lori, na raha waliiiba humo humo katikati ya kazi. Ndiyo maana haikuonekana.

Wewe unayesoma hapa, kama kwenu kuna mteremko, nenda kaulize. Uliza nani alikuwa mkali, uliza kona ipi, uliza breki ilikuwa ya nini. Waulize kabla hawajawa mvua tu.

Mimi nimenunua daftari jipya, kurasa 96 safari hii. Wiki iliyopita nilimtafuta yule rafiki yangu. Yuko Tengeru, ana duka la vipuri vya pikipiki. Nilimwambia kuhusu zile kurasa. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Kwani nilikuwa na ngapi pale konani?" Nikamwambia nilivyokumbuka: dakika mbili na sekunde hamsini na kitu. Akapiga kaunta kwa kiganja, akamwita fundi wake aje asikie.

Kisha nikaenda Kikatiti nikamsomea baba mdogo insha hii tangu mwanzo. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye mikungu minne akainua mkono.

"Mitano," akasema.

"Baba mdogo, Jumamosi ile ulisema minne."

"Nne ilikuwa siku za kawaida. Andika mitano."

Nimeandika.